Mkono Kwenye Kofia

Mimi ni mtu wa wivu, na sitaki mtu yeyote anitetee. Wako wanaosema kazi ilinichosha, wengine wanasema ni presha, na mke wangu husema ni mwalimu mkuu aliyeniharibu. Kila mmoja ana ukweli wake kidogo. Lakini siku ile Kajiado mkono wangu haukuzuiwa na presha wala na mwalimu mkuu. Ulizuiwa na kijicho, na ladha yake naikumbuka hadi leo, kama mtoto aliyelamba betri ya redio.

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi upande wa Noonkopir, zamani kidogo, kabla Kitengela haijaota magorofa. Asubuhi nilifundisha hesabu na Kiswahili, na saa kumi jioni nikageuka kocha wa voliboli ya wasichana. Hakuna aliyenifundisha ukocha. Nilipofika kutoka Ukambani mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwalimu mkuu alinipima kwa macho kutoka viatu hadi kichwa akasema, "Wewe ndio mtu wa games." Urefu wangu ndio uliokuwa cheti.

Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mweusi, ule ambao mvua ikinyesha unang'ang'ania viatu na kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Wavu tuliusokota kwa kamba za magunia. Mpira ulikuwa mmoja, umeshonwashonwa na fundi wa viatu wa pale stendi, nami nilikuwa nauchukua nyumbani kila jioni kwa sababu sikumwamini mtu. Mke wangu aliuona mpira ule mezani kuliko alivyoniona mimi.

Mwalimu mkuu alikuwa na kabati la vioo ofisini mwake, na ndani ya kabati hakukuwa na kitu ila maua ya plastiki. Kabati lile ndilo lililonizeesha. Kila Jumatatu baada ya gwaride aliniita, akalisonta kwa kidole na kuniuliza, "Mwalimu, hii kabati inangojea nini?" Jumanne walikuja wazazi kulalamika kwamba watoto wanarukaruka badala ya kusoma, na yeye yule yule akawaunga mkono nami nimesimama pale pale. Nilitakiwa nilete kombe bila kutumia muda, bila mpira wa pili, na bila mtoto yeyote kushuka nambari darasani. Nikijibu naonekana sina adabu, nikinyamaza naonekana mjinga. Nikawa nachukua mpira wangu naondoka.

Kisha tukafika fainali ya tarafa mwaka mmoja, tukapoteza kwa sababu msichana mmoja alipiga sevu, ule mpigo wa kuanzisha mpira, ikagonga wavu. Mwalimu mkuu alinigombeza mbele ya wazazi na mbele ya timu yangu mwenyewe. Tumbo lilianza siku ile. Nilikuwa nakunywa chai naisikia ikishuka kama maji ya moto juu ya kidonda. Daktari wa zahanati alisema ni vidonda vya tumbo na presha iko juu, nipunguze mawazo. Nikamwuliza niyapunguzie wapi, akaniandikia dawa.

Basi nilichopunguza ni uhuru wa watoto. Nilikuwa na kofia nyekundu niliyopewa bure na watu wa mbegu za mahindi. Nikaweka sheria: hakuna kupiga sevu kabla sijagusa kofia. Nikigusa ukingo wa mbele, mpira uende mbali, nyuma kabisa ya uwanja. Nikigusa kisogoni, mpira udondoke karibu na wavu. Nisipogusa, ngoja. Aliyepiga bila kuangalia kofia alizunguka uwanja mara kumi, hata kama alipata pointi. Refa akipuliza kipenga mchezaji ana sekunde tano tu za kupiga, kwa hiyo wasichana wangu walijifunza kunitafuta upesi kwa macho, vile vifaranga wanavyomtafuta mama yao mwewe akipita.

Na ilifanya kazi, hilo ndilo baya lake. Tulianza kushinda. Makocha wengine walicheka wakasema nacheza voliboli na rimoti, nami nikavimba kichwa, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kuamini kwamba anayecheza ni mimi, na wale watoto ni vidole vyangu tu.

Kidole changu bora kilikuwa mtoto wa mama mmoja wa kwetu Ukambani, mjane aliyefanya kazi kwenye shamba la maua huko Isinya. Nilimwona msichana huyo akiwa darasa la nne, akipiga furushi la makaratasi kwenye ukuta wa stoo, mikono mirefu kuliko sketi. Nilimfundisha miaka minne. Alipofika darasa la nane hakukuwa na timu katika tarafa nzima iliyoweza kupokea sevu yake bila mtu kuanguka. Alikuwa mtulivu, hana maneno mengi, na katika wote yeye ndiye aliyeitii kofia kuliko dini.

Mapema mwaka ule mama yake alikuja kuniona, bado amevaa gamboti, viatu vya mpira vya kazini.

"Mwalimu, mimi sina karo ya sekondari, na siwezi kudanganya mtoto," aliniambia. "Nasikia kuna shule inachukua wasichana wa mpira bila kulipisha. Huyu ako na mkono. Kwa mambo ya mpira wewe ndio baba yake."

Ilikuwa kweli. Kila mwaka mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana alikuja kwenye mashindano ya wilaya, Kajiado mjini, akakaa kwenye kiti na daftari lake, akachagua wasichana wawili au watatu. Nilimwahidi yule mama kwamba binti yake atafika mbele ya daftari hilo. Niliahidi kwa roho safi, kwa sababu nilidhani tutafika pamoja.

Ndipo akaja Madam. Tuliita walimu wote wa kike madam, lakini nikisema Madam hapa ujue ni huyo mmoja, msichana kutoka Nyeri aliyetoka chuoni juzi akapelekwa kufundisha shule moja ya Isinya. Mfupi, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Alikuwa hajui nusu ya sheria za voliboli. Timu yake ilifanya mazoezi kama watu walio kwenye harusi. Msichana akikosea alicheka, Madam akacheka, mpira ukarudi. Aliwaamkia wazazi wa Kimaasai "Sopa" na kuwauliza habari za ng'ombe, nao wakamletea maziwa ya kunywa timu. Mimi nilikuwa nimekaa pale miaka sita na sikuwahi kuletewa hata kikombe.

Nilimchukia kwa mambo madogo madogo. Nilichukia vile wasichana wake walivyomshika mkono wakitembea. Nilichukia vile mwalimu mkuu wake alivyobeba maji ya timu mwenyewe. Zaidi ya yote nilichukia hamu yake ya kula: siku ya mashindano, wakati mimi nameza dawa ya tumbo nyuma ya choo, yeye alikuwa amekaa nyasini anakula chapati mbili akiwa amezikunja pamoja. Mtu gani anakula kabla ya fainali?

Tulikutana fainali ya tarafa. Sitaisimulia sana. Msichana wangu alifanya kazi yake, lakini wale wengine watano walikuwa wakigeuza shingo kunitafuta hata katikati ya mchezo, mpira ukianguka miguuni mwao wanauliza kwa macho ni wa nani. Wale wa Madam walipiga ovyo, nyingine nje, nyingine juu ya paa la darasa, kisha nyingine zikaingia. Walitushinda seti mbili kwa moja.

Sasa katika shule zetu kuna desturi ambayo wenye michezo wanaijua. Shule ikishinda tarafa, haiendi wilayani peke yake. Inachukua wachezaji bora wa timu ilizozishinda, inawavalisha jezi yake, na kocha wake ndiye kocha. Kocha aliyeshindwa anamkabidhi mtoto wake, anarudi nyumbani. Hana kiti kwenye lori, hana mahali kwenye benchi. Ukimlea mtoto miaka minne, atakayeonekana naye ni mwingine.

Madam alimchagua msichana wangu wa kwanza kabisa, hata kabla refa hajamaliza kusaini. Msichana aliingia darasani, akatoka amevaa jezi ya manjano, na ile yetu ya buluu ameikunja vizuri akaniletea kwa mikono miwili. Nilihisi kama napokea nguo za maiti. Madam akanifuata, jasho bado linamtiririka.

"Mwalimu, asante sana. Huyu mtoto ni moto. Kuna kitu napaswa kujua juu yake?"

Hiyo nayo ni desturi. Kocha anayemkabidhi mtoto humwambia mwenzake: huyu goti humsumbua, huyu hataki kufokewa, huyu usimwache bila maji. Nilijua cha kumwambia. Nilijua kwamba mtoto yule hajawahi katika maisha yake kupiga sevu ya mechi bila kuiona kofia yangu ikiguswa. Neno moja tu lingetosha.

"Hakuna," nilisema. "Anakula vizuri."

Alicheka. Alidhani namtania.

Wiki nzima walifanya mazoezi Isinya. Nilisikia kwamba anapiga vizuri sana huko, na sikushangaa. Mazoezini hakuna kipenga cha refa, hakuna kelele, hakuna sekunde tano. Nami wiki ile tumbo lilinichoma hadi nikafundisha nimeketi. Nilijiambia kwamba nikimwona tu akiingia uwanjani roho itatulia. Kumbe nilichokuwa nangoja ni kuona akishindwa, ili watu wote, na yule mtu wa daftari, na mwalimu wangu mkuu na kabati lake, wajue kwamba bila mimi mtoto yule si kitu. Naandika maneno hayo na mkono unakataa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya Kajiado ilikuwa ya Julai, baridi, mawingu yameshuka kama blanketi chafu. Nilifika kwa njia yangu, hakuna aliyenituma. Nilikaa kwenye ukingo wa uwanja kati ya watazamaji, upande wa kulia, mahali ambapo mtu anayepiga sevu hawezi kukosa kuniona. Nilikuwa nimevaa kofia. Mbele yangu, kwenye kiti cha plastiki, alikaa yule mwalimu mkuu wa shule ya bweni na daftari lake juu ya magoti.

Zamu ya msichana wangu ilifika mapema. Refa alipuliza kipenga. Alishika mpira, akaangalia benchi. Madam alikuwa akipiga makofi, "Haya mama, piga!" Msichana hakupiga. Macho yake yakatembea kwenye umati, yakanipata. Yalipotulia usoni kwangu niliona mabega yake yakishuka, vile mtu anavyopumua akiona mlango wa kwao. Akangoja.

Sikugusa kofia.

Sekunde tano ni ndefu sana. Refa akapuliza, akawapa wapinzani mpira. Umati ukacheka kidogo. Yule wa daftari akainua kichwa.

Zamu ilipozunguka ikamfikia tena, ikawa vile vile. Alinitazama, midomo yake ikafunguka kidogo kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani na anaogopa. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia. Kipenga, mpira ukaenda. Ndipo Madam akaomba mapumziko ya timu, lakini badala ya kuiendea timu yake akakatiza uwanja mbio hadi kwangu, akachuchumaa.

"Mwalimu, huyu mtoto anaangalia wewe. Nilikuona kwa mechi yetu ukiguza hiyo kofia. Si uiguze tu?"

"Timu ni yako, Madam."

Alinitazama. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi.

"Basi niazime hiyo kofia mimi nivae."

"Nina homa," nilimwambia. "Jua litanidhuru."

Aliinua macho akaangalia mbingu yote ya Kajiado, kijivu kutoka pembe hadi pembe. Kisha akasimama, akarudi mbio, maana muda ulikuwa umekwisha. Alimshika msichana wangu begani, akamnong'oneza kitu, akamweka benchi. Akamwingiza mtoto mwingine wa Isinya, kafupi, mwenye sevu laini ya chini kwa chini ambayo mimi hata mazoezini nisingeiruhusu.

Nilingoja washindwe. Hicho kilikuwa kitu pekee kilichobaki cha kunisaidia, washindwe halafu watu waseme laiti yule mwenye mikono mirefu angekuwa ndani. Walishinda. Walishinda wakicheka, na yule wa daftari aliandika nambari mbili za jezi za manjano. Nilikuwa nyuma yake karibu kabisa, nikaziona. Moja ilikuwa ya yule mtoto mfupi.

Baada ya mechi msichana alikuja kuniamkia, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Umekosa bahati leo," nilimwambia.

"Ndio, mwalimu," akasema. Alikuwa anaangalia kofia, si mimi.

Hakumwambia mama yake. Najua, kwa sababu mwisho wa mwaka, baada ya mtihani, yule mama alikuja kwangu na kikapu cha mbaazi kavu zilizotoka kwao Ukambani. Alisema amekuja kunishukuru kwa miaka yote ile. "Mungu hakupenda, mwalimu, lakini wewe ulijaribu." Mke wangu alizipika jioni ile, nami nikala. Tumbo liliniuma siku tatu. Mwaka mpya ulipoanza msichana aliingia shambani pamoja na mama yake, kufunga maua ya kwenda Ulaya.

Madam alipanda. Alichukuliwa kocha wa wilaya, akapewa traksuti yenye maandishi mgongoni, na kila nilipoiona traksuti ile nilijua kwamba hajawahi kumwambia mtu yeyote kuhusu kofia. Angenisema ningepata la kujibu. Mimi nilijiuzulu michezo miaka miwili baadaye kwa barua ya daktari. Kabati la mwalimu mkuu lilibaki na maua yake.

Miaka ilipita, tukaingia elfu mbili, viwanja vikauzwa, mabati na mawe yakajaa njia nzima hadi Isinya. Siku moja, Jumapili alasiri, nilienda huko kununua vifaranga. Karibu na lango la shamba moja la maua nikasikia kipenga, na mguu ukageuka wenyewe. Wanawake wa shamba walikuwa wanacheza voliboli, na kocha wao alikuwa amesimama pembeni na kipenga shingoni. Nilimjua kwa mikono yake mirefu.

Nilisimama nyuma ya ua wa nyaya nikatazama. Msichana mmoja mgeni alishika mpira wa sevu, akaogopa, akamtazama kocha. Kocha hakusema neno. Aligeuka, akampa mgongo, akatazama barabara, hadi aliposikia mpira umepigwa. Kwa kila aliyemtafuta kwa macho alifanya hivyo hivyo. Nyingine zilitoka nje, nyingine zikagonga wavu, nyingine zikaingia, na wale wanawake wakacheka sana.

Nilimwonea wivu. Nilikuwa na mvi na bado nikamwonea wivu, kwa kile alichokijua na kwa namna alivyokijua.

Aliponiona alikuja hadi kwenye ua, akaniamkia kwa heshima zote, akaniuliza tumbo langu linaendeleaje. Nikamwuliza kwa nini anawapa watu mgongo.

"Nisipogeuka wataniangalia, mwalimu," akasema.

Wenzake wakamwita, wanataka awaonyeshe. Alirudi uwanjani, akachukua mpira, akasimama nyuma ya mstari. Nilikuwa na kofia kichwani siku ile, nyingine, ya kijani. Sikujua kama mkono wangu umeinuka. Ulipofika kwenye ukingo wa kofia, mpira ulikuwa umeshavuka wavu.